Sanje: Mto ndio wenye ratiba

Mtu anayepanga kwenda Serengeti huanza kwa kuulizia gari. Anayepanga kwenda Udzungwa afadhali aanze kwa kuulizia maji: mto umejaa kiasi gani wiki hii, njia ya maporomoko inapitika, na usiku hema litasimama umbali gani kutoka ukingoni. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yenye kilomita za mraba 1,990 katika mikoa ya Morogoro na Iringa, haina barabara za kuzungushia watalii. Ukifika langoni gari linabaki, wewe unaendelea kwa miguu, na karibu kila njia utakayopita ama inaufuata mto, ama inauvuka, ama inakupeleka mahali mto unapoanguka.

Pengine ndiyo sababu Watanzania wengi wanaipita bila kusimama. Basi la Ifakara linapita kandokando ya msitu huo kila siku, likiwa limejaa watu wanaowahi misiba, mashamba na maduka. Wengi wao wanaamini hifadhi ni jambo la wageni wenye kofia kubwa na magari ya kufunguka juu. Kumbe hapa gari la kifahari halimsaidii mtu kitu. Anayefaidi ni mwenye viatu vinavyoshika, begi jepesi na akili ya kupanga.

Makala haya ni kwa ajili ya mtu huyo: mzazi anayetafuta mahali pa kuwapeleka watoto likizo ya Juni, kikundi cha marafiki wa kazini kinachotaka kulala porini siku mbili, au mwanafunzi ambaye hajawahi kukunjua hema. Hoja yake ni moja. Safari ya Udzungwa ipangwe kwa kuutazama mto kwanza, na mengine yafuate.

Mlima unaokinga mvua

Milima ya Udzungwa ni sehemu ya kusini kabisa ya mnyororo wa Tao la Mashariki, unaoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kushuka kupitia Pare, Usambara, Nguru, Uluguru na mingine. Uso wake wa mashariki ni mteremko mkali unaopanda kutoka bonde la Kilombero, lililo kwenye mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi vilele vinavyozidi mita 2,000. Cha juu kuliko vyote, Luhombero, kinazidi mita 2,500.

Upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi unaugonga mteremko huo, unapanda, unapoa na kuachia mvua. Upande huu wa mashariki hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Msitu unaipokea, udongo unaihifadhi, halafu inatolewa kidogo kidogo kupitia vijito ambavyo vingi havikauki hata kiangazi kikiwa kikali. Sanje, Sonjo na Njokamoni ni miongoni mwa vijito hivyo. Upo pia mto Lumemo, ambao watu wa Ifakara wanaujua vizuri kwa sababu huwafikia hadi mlangoni unapofurika.

Maji hayo yote yanateremka kwenye mto Kilombero. Kilombero unakutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji unapozaliwa. Upande wa kaskazini, Ruaha Mkuu unapita ukingoni mwa milima hii kabla ya kufika bwawa la Kidatu, lenye kituo cha umeme cha megawati 204. Ukisimama juu ya maporomoko ya Sanje na kutazama mashariki, unaona mashamba ya miwa na mpunga yametandazwa bondeni. Sukari iliyo kwenye chai yako na mchele wa Kilombero uliopika jana vina deni kwa mlima uliosimama juu yake.

Kwa mpangaji wa safari, jiografia hii ina maana ya moja kwa moja. Mvua ikinyesha juu, usiyoiona wewe uliye chini, mto unaweza kuongezeka ghafla huku kambini jua likiwaka. Mteremko ni mkali na mabonde ni membamba, kwa hiyo maji hayana mahali pa kutawanyika. Tarehe, njia, mahali pa hema na hata saa ya kuoga vinaanzia hapo.

Tarehe kabla ya mkoba

Mvua za Udzungwa huanza kwenye Novemba na kuendelea hadi Mei, zikiwa nzito zaidi Machi na Aprili. Miezi hiyo ya masika maporomoko yananguruma kweli, lakini mizizi na mawe ya njiani yanateleza, vivuko vinakuwa vya hatari, na njia nyingine hufungwa. Kuanzia Juni hadi Oktoba njia hukauka, anga husafika, na mtu hupata kutembea bila kuhesabu kila hatua.

Ndani ya miezi hiyo nako kuna tofauti. Juni na Julai msitu bado umeshiba maji, kwa hiyo maporomoko yana nguvu na asubuhi zina ubaridi wa kupendeza. Kufika Oktoba maji yamepungua, joto la bondeni limepanda, na vidimbwi vya kuogelea vimetulia zaidi. Anayetaka picha za maporomoko yaliyojaa achague mwanzo wa kiangazi. Mwenye watoto wanaotaka kucheza majini anaweza kusubiri Agosti au Septemba, ila hapo atabanwa na ratiba ya shule. Bahati nzuri likizo ya katikati ya mwaka inaangukia kwenye kipindi bora. Likizo ya Desemba inaangukia mvuani, na familia inayokwenda wakati huo iwe tayari kubadili mpango ikifika langoni.

Simu ya kwanza ipigwe ofisi ya hifadhi, iliyopo Mang'ula, wiki moja au mbili kabla. Uliza njia zipi ziko wazi, kambi ipi ina nafasi, na viwango vya sasa vya kiingilio, kambi na mwongozaji. Haya ni malipo matatu tofauti, na wageni wengi wa mara ya kwanza huhesabu moja tu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango chake, mgeni kutoka nje hulipa kingine, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kisibaki nyumbani. Malipo ya hifadhi zilizo chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) hufanywa kwa njia za kielektroniki. Hakikisha simu yako ina salio na chaji, usitegemee noti zilizo mfukoni.

Kufika Mang'ula

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakupitisha Chalinze na Morogoro, kisha inakatiza Hifadhi ya Mikumi, ambako utaona pundamilia na twiga bila kulipa kiingilio, na kupunguza mwendo ni sheria. Ukifika mji wa Mikumi unakata kushoto kuelekea kusini. Unavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, unaingia kwenye bahari ya miwa, na kutoka hapo ukuta wa kijani wa Udzungwa unakaa mkono wako wa kulia hadi Mang'ula. Kwa gari binafsi ni safari ya saa tano hadi saba, kutegemea foleni za kutoka Dar na vituo vyako vya chai.

Mwenye kutumia usafiri wa umma apande basi la Ifakara kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi, amwambie kondakta mapema kwamba anashuka Mang'ula. Wapo pia wanaopenda treni. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China na yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ina kituo Mang'ula. Treni inapita ndani ya pori ambalo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na hiyo peke yake ni burudani. Lakini ratiba ya treni haifai kwa mwenye siku mbili tu za mapumziko. Iulizie kituoni kabla ya kuijengea mpango.

Fika Mang'ula mchana, si usiku. Mlima uko magharibi ya kijiji, kwa hiyo jua hujificha nyuma yake mapema kuliko unavyotarajia, na ndani ya msitu giza linawahi zaidi. Kusimamisha hema kwa mara ya kwanza kwa mwanga wa simu ni namna mbaya ya kuanza likizo.

Njia ya kila mguu

Hifadhi ina njia za viwango tofauti, na kosa kubwa la vikundi ni kuchagua njia kwa kumwangalia mwenye nguvu kuliko wote. Chagua kwa kumwangalia mwenye pumzi fupi.

Njia fupi kabisa inaanzia karibu na makao makuu na kwenda maporomoko ya Prince Bernhard, yaliyopewa jina la Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi, rais wa kwanza wa shirika la uhifadhi la WWF, aliyekuwepo hifadhi ilipofunguliwa mwaka 1992. Ni mwendo wa kilomita moja hivi. Inamfaa mzee, mtoto wa miaka mitano, na mtu aliyeshuka kwenye basi ambaye anataka kunyoosha miguu kabla ya jioni. Njia ya Sonjo ni ya saa chache na ina maporomoko yake. Inafaa kuzoesha mwili siku ya kwanza.

Njia inayowaleta wengi ni ya Sanje, mzunguko wa kilomita tano hivi unaochukua karibu saa nne ukiwa na mapumziko. Baada ya hapo zinakuja njia za watu waliojiandaa: kupanda kilele cha Mwanihana, takribani kilomita 38 kwa siku tatu, na njia ya Lumemo, kama kilomita 65, inayokata ndani kabisa ya msitu kwa siku kadhaa. Hizi mbili si za mtu anayejaribu. Zinahitaji wapagazi, chakula cha kutosha na askari mwenye silaha, kwa sababu tembo na nyati wamo.

Katika njia zote hizo ndefu, mwongozaji si pambo. Anajua kivuko kipi kimebadilika tangu mvua ya juzi, anatambua kinyesi cha tembo cha leo na cha juzi, na anasikia mlio wa mbega wewe ukiwa bado unasikia mapafu yako. Wengi wa waongozaji ni vijana wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, na ada unayolipa ni miongoni mwa faida chache ambazo vijiji hivyo vinaziona kwa macho.

Kupanda Sanje

Sanje huanguka kwa zaidi ya mita 170, kwa ngazi tatu. Njia inaanzia upande wa kijiji cha Sanje, kaskazini mwa Mang'ula, na tangu mwanzo inapanda. Kwenye robo saa ya kwanza kila mtu anaongea. Kwenye robo saa ya pili hakuna anayeongea. Mwenda pole hajikwai, na hapa usemi huo ni maelekezo ya kitaalamu: mizizi imekaa kama ngazi zisizo na vipimo, na anayekimbia huchoka kabla ya kufika pazuri.

Anza saa moja asubuhi. Kwa sababu mteremko unatazama mashariki, jua la asubuhi linaingia moja kwa moja kwenye maporomoko, mvuke wake unang'aa, na mara nyingi upinde wa mvua unatokea. Pia ni saa ambayo nyani na mbega wanakula. Mbega mwekundu wa Udzungwa, mwenye kichwa cha rangi ya kutu, anapatikana katika milima hii na misitu iliyo jirani nayo pekee. Huonekana kwa urahisi kwa sababu hutembea kwa makundi makubwa na hana aibu.

Mangabei wa Sanje, aina nyingine ya kima, ni habari tofauti. Wenyeji walimjua siku zote, lakini sayansi ilimtambua mwaka 1979 tu, watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers waliposikia hapa mlio ambao haukulingana na mnyama yeyote aliyeorodheshwa kwenye msitu huu. Hebu fikiria: mnyama mwenye kimo cha mbwa mdogo, anayetembea ardhini kwa makundi ya makumi, kilomita chache kutoka reli na mashamba ya miwa, hakuwa kwenye kitabu chochote. Na hakuwa wa mwisho. Kwale wa Udzungwa alitambuliwa mwaka 1991, na sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, alielezwa rasmi mwaka 2008 baada ya kunaswa na kamera zilizotegwa msituni. Ukipita kimya unaongeza nafasi ya kuona kitu. Spika ya bluetooth ibaki nyumbani.

Njia inakufikisha kwanza mahali pa kutazama maporomoko kutoka mbali, kisha chini ya maporomoko ambako unyunyu unakulowesha, kisha juu ambako mto unapumzika kwenye vidimbwi kabla ya kujirusha. Kuogelea kunaruhusiwa katika vidimbwi vilivyoelekezwa na mwongozaji. Mawe yenye ute wa kijani ndiyo adui mkubwa, kuliko nyoka na kuliko chui. Kaa mbali na ukingo wa maporomoko hata kama picha inakuita, usirukie maji usiyoyajua kina, na mtoto asiachwe peke yake hata kama maji yanamfika magotini.

Hema na ukingo wa mto

Maeneo ya kupiga kambi yapo karibu na makao makuu ya Mang'ula na upande wa Sanje. Ni kambi za kawaida: uwanja uliosafishwa chini ya miti, choo, na sauti ya maji. Hema, chakula na vyombo unakuja navyo. Asiyependa kulala chini anaweza kupata nyumba za wageni Mang'ula kwa bei nafuu na kuingia hifadhini asubuhi.

Mgeni yeyote hupenda kulala jirani kabisa na mto. Jizuie. Tafuta alama ya maji ya juu: majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi, mchanga uliosukumwa, nyasi zilizolala kuelekea upande mmoja. Hema likae juu ya alama hiyo na hatua zisizopungua 60 kutoka majini. Hatua hizo zinakulinda na mafuriko ya usiku, zinapunguza mbu, na zinawaachia wanyama njia yao ya kwenda kunywa. Kabla ya kusimamisha hema tazama pia juu, kwa sababu tawi kavu halitoi taarifa linapoanguka. Kisha tazama chini: mstari wa siafu hauhami kwa ajili yako.

Ukiwa kambini au njiani, zipo dalili tatu za kuondoka mtoni mara moja. Maji yaliyokuwa meupe yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Majani na vijiti vinaanza kuja kwa wingi. Mngurumo unaongezeka bila sababu unayoiona. Ukikuta kivuko kilichovuka magoti na kinakwenda kasi, usivuke. Kaa upande ulioko, kula karanga, subiri. Mito ya mlima hupungua kwa saa chache kama inavyojaa kwa saa chache.

Vifaa vya siku mbili si vingi. Hema lenye kifuniko cha mvua hata kiangazi, turubai la kutandika chini, godoro jembamba, na blanketi moja bondeni. Anayepanda Mwanihana aongeze koti zito, kwa kuwa joto hushuka kwa nyuzi kama sita kila unapopanda mita 1,000, na kilele ni baridi kuliko Mang'ula kwa nyuzi kumi au zaidi. Tochi ya kichwani inashinda tochi ya simu, kwa sababu mikono inabaki huru. Suruali ndefu iliyoingizwa kwenye soksi inakukinga na siafu na kupe. Beba firimbi kwa kila mtu, maana mtandao wa simu unapotea ukiingia bondeni. Dawa ya kufukuza mbu ni lazima, kwani bonde la Kilombero limejulikana kwa malaria kwa miaka mingi kiasi kwamba Ifakara ina taasisi ya utafiti wa afya yenye jina duniani.

Chakula kinunuliwe Mang'ula. Mchele, maharage, ndizi, mayai, dagaa, mihogo na matunda vyote vipo sokoni, na fedha inabaki kijijini. Kiwekwe kwenye vyombo vyenye mfuniko, ndani ya gari kama lipo. Nyani wa hapa wameshajifunza zipu. Kumpa chakula, hata ganda la ndizi, ni kumfundisha kumvamia mtoto wa mgeni atakayekuja wiki ijayo.

Maji ya kunywa, maji ya kuoga

Maji ya Sanje yanaonekana safi kuliko ya bomba la mjini, na hilo ndilo linalowaponza watu. Juu yako kuna nyani, nyati na wageni wengine. Chemsha hadi yatokote vizuri kwa dakika moja, au tumia dawa ya maji kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Hesabu lita tatu kwa mtu mzima kwa siku ya kupanda.

Kuhusu kichocho, konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole yenye majani: mifereji ya mashamba, madimbwi, kingo za mito ya bondeni. Mkondo wa kasi unaotoka msituni una hatari ndogo zaidi. Kwa hiyo oga juu, ndani ya hifadhi, mahali ulipoelekezwa. Usijaribu kuogelea kwenye mto Kilombero wenyewe, ambako licha ya kichocho wapo mamba na viboko.

Sabuni isiingie mtoni, hata ile iliyoandikwa kwamba haina madhara. Chota maji kwa ndoo, sogea mbali, oga au osha vyombo huko, na mwaga maji machafu ardhini ili udongo uyachuje. Msituni kusiko na choo, chimba shimo lenye kina cha kiganja kimoja na nusu, mbali na maji na njia, ufukie. Takataka zote zirudi nawe. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo panga kwa vikapu na mifuko ya kitambaa tangu nyumbani.

Walio chini ya mto

Kuna sababu ya kusisitiza mambo haya madogo. Vijiji vilivyo chini ya mteremko vinategemea maji yanayotoka ndani ya hifadhi kwa kunywa na kumwagilia. Wanavijiji hao wamelipa gharama ya kuulinda msitu huo. Kwa miaka mingi waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu, na ruhusa hiyo ikaondolewa mwaka 2011 ili msitu upumue. Mama wa Mang'ula anayenunua mkaa leo kwa sababu hiyo ana haki ya kushangaa akiona mgeni anawasha moto mkubwa wa kujifurahisha kwa kuni za msitu uleule. Njoo na jiko dogo la gesi. Moto wa kambi uwe pale tu unaporuhusiwa, kwa kuni zilizotolewa na uongozi.

Ukitaka kujua jinsi maji ya mlima huu yalivyo na wategemezi wengi, sikiliza habari ya Kihansi, kusini zaidi kwenye mteremko huohuo. Chini ya maporomoko ya Kihansi aliishi chura mdogo wa manjano, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, katika eneo la hekta chache tu lililoloweshwa na unyunyu. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi wa umeme ulikuwa tayari unajengwa. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, unyunyu ulipungua sana, na licha ya vinyunyizio vilivyofungwa kumnusuru, ugonjwa wa kuvu ulisaidia kummaliza. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Amebaki kwa sababu baadhi ya vyura hao walikuwa wamepelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

Taifa lilihitaji umeme, na mimi siandiki makala haya kwa mwanga wa kibatari hata niseme vinginevyo. Lakini Kihansi inafundisha kwamba ukanda ule wenye unyevu kando ya maporomoko, ambao mgeni anaukanyaga akitafuta pembe nzuri ya picha, unaweza kuwa makao yote ya kiumbe kimoja duniani. Baki kwenye njia.

Mpango wa usiku mbili

Kwa familia au kikundi cha mara ya kwanza, usiku mbili zinatosha. Ijumaa ondokeni alfajiri, mfike Mang'ula saa nane mchana, mkamilishe malipo, msimamishe hema, mwende Prince Bernhard kabla giza halijaingia. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu muwe mmeshakunywa uji. Saa moja mko kwenye njia ya Sanje. Saa sita mmeshuka, mmelowa na mna njaa. Mchana wa Jumamosi ni wa kulala, kupika na kuzungumza. Jumapili, wenye nguvu waende Sonjo asubuhi, wengine wanunue mchele sokoni, na saa tano gari liwe barabarani ili msikutane na giza Chalinze.

Mpango huu una nafasi ya makusudi ndani yake. Kama mwongozaji atasema Jumamosi asubuhi kwamba Sanje haipandiki, mnabadilishana: Sonjo Jumamosi, Sanje Jumapili, na kurudi kunachelewa kwa saa chache. Msafiri aliyejaza kila saa hana pa kusogeza, na ndiye anayelazimisha kivuko kilichojaa kwa sababu basi linaondoka saa saba. Ajali nyingi za mtoni zina saa ya mkononi ndani yake.

Kwa hiyo anayetaka kwenda Juni asingoje Mei ndipo aanze kupanga. Apate tarehe mbili, moja ya kwanza na moja ya akiba, wiki moja au mbili kabla apige simu Mang'ula, aulize hali ya mto, kisha ndipo awaambie watoto.